Nani akuogeshe, nani akutanie: kugawana kazi za ugonjwa mkubwa Nyanda za Juu Kusini

Majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa mwilini kikapimwe, yakitoka na kusema ni saratani, nyumba hujaa watu ndani ya siku mbili. Wanakuja na sukari, mchele wa Kyela, kuku aliyefungwa miguu, na kila mmoja anakaa sebuleni mkono shavuni. Wiki tatu baadaye, dripu ya pili ya dawa za saratani ikiwa imeanza, sebule ni tupu. Mgonjwa kabaki na mtu mmoja, mara nyingi mke au binti mkubwa, naye amechoka kiasi cha kusahau kula. Haya hutokea Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, na si kwamba watu hawana upendo. Hawana kazi. Aliyekuja kusema pole ameshaisema, hajui aseme nini tena, na hakuna aliyemwambia afanye nini.

Mtu anayeugua kati ya miaka 40 na 60 huwa ndiye nguzo yenyewe. Ndiye anayelipa ada, ndiye anayemtumia mama kijijini hela ya mbolea, ndiye mweka hazina wa kikoba. Akilala yeye, kazi za watu wanne zinabaki bila mwenyewe, na juu yake inaongezeka kazi mpya ya kumuuguza. Ndiyo maana kugawana kazi kunapaswa kuanza wiki ya kwanza, watu wakiwa bado wamejaa.

Ramani ya kugawana tunayo tayari, tumeirithi. Ni utani na heshima. Katika kila ukoo kuna unaotaniana nao: mjukuu na babu, shemeji, binamu, na mtani wa kabila, kama Mhehe na Mngoni ambao babu zao walipigana karne ya 19 na wajukuu wakabaki wanatupiana maneno hadi msibani. Kuna pia unaowaheshimu kwa umbali. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Masharti hayo yamelegea sana, lakini aibu yake haijaondoka, na mtu akishakuwa hoi kitandani ndipo inapojitokeza.

Angalia linalotokea tusipoifuata ramani hiyo. Baba wa miaka 55 ana saratani ya tezi dume, mke wake ni marehemu, na anayeishi naye ni mke wa mwanawe. Kikao cha familia kinamwachia huyo binti kila kitu kwa sababu tu yuko nyumbani. Mzee anaona haya kuomba msaada wa kwenda chooni, kwa hiyo anakunywa maji kidogo ili asikojoe. Kwenye tiba za saratani, kupunguza maji ni hatari: figo ndizo zinazotoa mabaki ya dawa mwilini, na nyingi za dawa hizo zinahitaji mgonjwa anywe lita 2 hadi 3 kwa siku, isipokuwa kama daktari amezuia. Mzee hasemi. Mkwe anadhani mzee hana kiu. Siku ya kliniki damu inaonyesha figo zimeelemewa, dripu inaahirishwa, na nauli imeliwa bure.

Angepewa mdogo wake, au shemeji wa rika lake, au mjukuu wa kiume, angeoga na kunywa maji bila shida. Kazi za mwili, yaani kuogesha, kubadilisha nguo, kushika beseni la matapishi, kupeleka chooni, zinawafaa watani na watu wa rika, kwa sababu aibu haipiti kati yao. Wanaoheshimiana kwa umbali wanabeba kazi zisizogusa mwili: kupika, kufua, kufuatilia makaratasi, kutunza mchango, kupigia shule simu. Mkwe anayepika uji wa ulezi kila saa nne asubuhi amemuuguza baba mkwe wake kikamilifu, hata asipoingia chumbani.

Kinyakyusa kina neno ukwangala: kukaa na wenzako wa rika, kula nao, kuzungumza nao, kufurahia kuwa nao tu. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe. Mgonjwa wa makamo anahitaji ukwangala kuliko anavyohitaji kilo ya tano ya sukari, na rafiki wa rika ana kitu ambacho ndugu hawana: mbele yake mgonjwa halazimiki kuwa baba, wala mama, wala kaka mkubwa.

Utani una masharti yake

Kicheko hakipunguzi uvimbe. Anayewaambia wagonjwa kwamba wakicheka watapona anawabebesha deni, maana siku ugonjwa ukirudi watadhani hawakucheka vya kutosha. Kazi ya kicheko ni nyingine, na inaonekana kwa macho: mahali palipochekwa watu hurudi. Mgeni aliyekaa nusu saa akicheka atakuja tena Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo itakayompa mke wa mgonjwa saa mbili za kulala.

Sharti la kwanza ni kwamba utani wa ugonjwa wenyewe unafunguliwa na mgonjwa. Akijitania yeye, mlango uko wazi. Kabla ya hapo mtanie kwa mambo yenu ya siku zote, mpira, madeni, jinsi anavyoendesha gari. Akiwa hana nywele, mtani wa Iringa anaweza kumwambia kichwa kimekuwa kama jiwe la Gangilonga, naye akajibu kwamba basi akiongea wamsikilize, kwa kuwa Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Utani huo ni mtamu kwa sababu umemwachia mgonjwa neno la mwisho. Utani usiofaa ni ule anaoweza kuujibu kwa kunyamaza tu: hatua ya ugonjwa, ziwa lililokatwa, uwezo wa kitandani, hela ya watu aliyoitumia. Na zipo saa za kutotania kabisa: asubuhi ya kwenda kuchukua majibu, akiwa na homa, na maumivu yakiwa makali.

Maumivu yapimwe kwa vidole. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Muulize asubuhi na jioni, uandike. Ikifika vidole vitatu na dawa aliyonayo haishushi, huo si wakati wa kumpa moyo, ni wakati wa kumpigia mhudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu. Mofini ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi, maana yakisharudi huchukua dozi kubwa zaidi kuyatuliza. Familia nyingi huificha chupa kabatini zikiogopa mgonjwa atakuwa teja. Anayeinywa kwa maumivu ya saratani na kwa kipimo cha daktari haelekei huko. Kinachomsumbua kweli ni choo kigumu, na dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza.

Kalenda ya siku 21

Tiba nyingi za dripu hutolewa kila baada ya siku 21, ingawa zipo za kila wiki na za kila wiki mbili. Ukichora siku hizo kwenye karatasi na kuibandika ukutani, zamu za ndugu na marafiki zinajipanga zenyewe.

Siku ya 1 hadi ya 4 ni za kichefuchefu na uchovu. Dawa ya kuzuia kutapika inywewe kwa saa zilizoandikwa hata kama hajisikii kutapika, maana akishaanza haikai tumboni. Chakula kiwe kidogo, kila baada ya saa mbili, na kiwe cha uvuguvugu au cha baridi, kwa kuwa kinachomkera ni harufu ya mvuke. Ugali unaofuka unaweza kumfukuza mezani wakati kiazi kilichopoa kinapita. Wengi huonja chuma mdomoni. Kijiko cha mti au cha plastiki husaidia. Parachichi la Rungwe au Njombe, likipondwa na chumvi kidogo, lina mafuta na nguvu nyingi kwa vijiko vichache, na halihitaji kutafunwa. Wanaopewa ile dripu nyekundu wajue mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu, lakini asiyeambiwa hupata hofu kubwa usiku wa kwanza.

Saa 48 za mwanzo, anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu, na asiwe mjamzito. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili na kifuniko kikiwa kimefungwa; cha shimo kimwagiwe maji na kufunikwa. Shuka zenye uchafu huo zifuliwe peke yake. Kukumbatiana, kushikana mikono na kula meza moja hakuna shida yoyote, na wajukuu waambiwe hivyo waziwazi, maana mtoto anayezuiwa kumkaribia babu hujiundia sababu zake mwenyewe.

Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 hivi mambo hubadilika kwa namna inayodanganya. Kichefuchefu kimeisha, mgonjwa anaonekana mzima, ndugu wa Makambako wanasema wanakuja. Kumbe ndizo siku chembechembe nyeupe za damu ziko chini kabisa. Dawa huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembechembe hizo, ni miongoni mwao. Mgeni mwenye mafua abaki kwake apige simu. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa usiingie, kachumbari ya mezani iachwe, tunda liwe la kumenywa, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usubiri.

Siku hizo nunueni kipima joto, kikae kando ya kitanda. Joto likifika 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama joto halijafika hapo, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe saa nane ya usiku, iwe mvua inanyesha Uyole. Usimpe kwanza panadoli ili “aone asubuhi”: panadoli itashusha namba kwenye kipima joto na kuwaacha wadudu wakiendelea kwenye damu. Mapokezini sema maneno mawili ya mwanzo: yuko kwenye dawa za saratani, na leo ni siku ya ngapi tangu dripu. Bila maneno hayo atapimwa malaria na kukalishwa kwenye benchi, wakati anahitaji kupimwa damu kamili na kuchomwa antibiotiki ndani ya saa moja. Andika sentensi hiyo kwenye kipande cha karatasi, ibandike nyuma ya kadi ya kliniki. Mtu akiwa na hofu husahau.

Baridi yetu nayo ina madhara yake. Mwezi wa sita na wa saba watu wa Njombe, Mufindi na Mbeya huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayozuia damu kubeba hewa, na mgonjwa ambaye damu yake imeshuka tayari huzidiwa mapema kuliko wengine chumbani. Apewe blanketi la pili, soksi na kofia, jiko libaki nje. Chupa ya maji ya moto ifungwe taulo, kwa sababu dawa kadhaa hutia vidole ganzi na mtu huungua bila kusikia. Maji ya kuoga yapimwe na mwingine, kwa kiwiko.

Siku ya 15 hadi ya 20 ndizo siku nzuri, na familia nyingi huzipoteza kwa kumwacha mgonjwa alale “apate nguvu”. Hizo ndizo siku za watani na marafiki. Apelekwe sokoni Mwanjelwa akachague viazi mwenyewe, akae kwenye kikao cha kikoba, aende kanisani au msikitini, aangalie mpira na wenzake. Kutembea dakika 20 hadi 30 kwa siku hupunguza uchovu wa dawa, jambo ambalo kulala mchana kutwa hakulifanyi.

Siku ya kunyoa

Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza, si kwa dawa zote lakini kwa nyingi. Dalili ya kwanza ni ngozi ya kichwa kuuma kidogo kama nywele zimesukwa kwa kubana. Kisha zinabaki kwenye mto, kwenye kitana, kwenye uji. Kwa mwanamke aliyezoea kusuka, wiki hiyo huweza kuumiza kuliko ile ya majibu.

Inafaa kunyoa kabla hazijaisha, kwa siku aliyochagua mwenyewe. Kiti kinawekwa uani kwenye jua la asubuhi, kanga mabegani. Anayenyoa awe mtu wa utani: shemeji, binamu, au shoga wa siku nyingi. Itumike mashine yenye meno, iliyofutwa kwa spiriti, na isishuke hadi kwenye ngozi. Wembe usiguse kabisa, kwa kuwa mkwaruzo mdogo katika siku za kinga ndogo ni mlango wa wadudu. Anza nyuma, malizia mbele, ili aone sura yake ikibadilika taratibu kwenye kioo. Watoto wakiwa nyumbani wakae pale, hata wapewe zamu ya kushika mashine. Akilia, mashine inazimwa, watu wanakaa kimya naye mpaka aseme endeleeni. Kofia ya sufu iwe tayari, kwani kichwa cha Mbeya kisicho na nywele kinapoteza joto usiku kucha.

Nani aambiwe nini

Desturi ya kumwita ndugu pembeni na kumficha mgonjwa bado ina nguvu huku kwetu. Inatoka kwenye huruma, lakini inaua utani wote ndani ya nyumba, kwa sababu watu wenye siri hawawezi kucheka pamoja; kila kicheko kinaogopa kuteleza. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwanza na kuchagua nani wengine wajue. Akitaka msaada wa kuuliza, amchukue rafiki mmoja kliniki mwenye daftari la maswali matatu: ugonjwa umefika wapi, tiba hii lengo lake ni kuponya au kutuliza, na dripu ni ngapi.

Watoto waambiwe mapema kwa jina la ugonjwa lenyewe. Mwanafunzi wa bweni asipoambiwa na nyumbani, ataambiwa na mtu wa mtaani kwa WhatsApp. Mtoto wa miaka saba anahitaji mambo matatu: si kosa lake, haambukizwi, na nani atamtengenezea chai ya asubuhi.

Kwa wageni wenye mizizi na maji ya chupa, jibu moja la upole liandaliwe na lisemwe na mtu mmoja: “Tunashukuru, tutamwonyesha daktari kwanza.” Dawa nyingi za mitishamba hupita kwenye ini lilelile linaloshughulika na dripu, na ini likielemewa dripu inasimama. Wengi wanakumbuka mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha Samunge kule Loliondo kwa shilingi 500, na walioacha dozi zao wakiamini wamepona. Maombi yakaribishwe kwa moyo wote. Anayeomba na asiseme acha dawa.

Safari ya mionzi

Wagonjwa wengi wa huku wanaohitaji mionzi hupewa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, na kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua kama wiki tano, kisha mionzi ya ndani. Kwa hiyo hesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili ya kuishi mjini, na umtafute mwenyeji kabla ya basi. Msindikizaji mmoja asikae muda wote. Wawili wapokezane katikati. Mtu wa nyanda za juu hana kinga kubwa ya malaria, hivyo chandarua kitoke nyumbani. Ngozi inayopigwa mionzi isisuguliwe wala kupakwa mafuta yenye manukato, na alama zilizochorwa na wataalamu zisifutwe. Jioni, watani walioko Mbeya wapige simu ya picha kwa zamu; upweke wa Dar ni mkubwa.

Fedha ziwe na mtu mmoja anayepokea na mwingine anayeandika, na kila Jumapili salio litumwe kwenye kikundi. Michango hukauka pale watu wanapoacha kujua inakwenda wapi. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii kwa asiyeweza kulipa. Aende huko mwanzoni, kabla ya deni kukua. Aliyeajiriwa asijiuzulu kwa kukata tamaa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi apeleke cheti cha daktari. Wosia nao uandikwe katika siku nzuri za kalenda, mgonjwa akiwa na akili tulivu; RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hupokea na kuutunza. Kuuandika hakumwiti kifo mtu yeyote, na kunawaepusha mjane na watoto na kikao kigumu cha ukoo.

Siku ya 20 jioni mkoba unafungwa upya: kadi ya kliniki, majibu halisi ya kinyama, kipande cha karatasi chenye ile sentensi ya homa, daftari la vidole vya maumivu, kipima joto, lita moja ya maji yaliyochemshwa, mfuko wa kutapikia, sweta, na viazi vilivyopoa kwenye kontena. Benchi la kusubiri dripu hukaliwa saa nne, wakati mwingine saba. Anayemsindikiza awe amelala vizuri usiku, na awe yule anayemchekesha.